Bastola Chini ya Kiti

Baba mchungaji alipotuomba tuandike habari ya imani na hofu, tulitazamana, mume na mke, na bila kusemezana tukajua ni siku ipi tutakayoieleza. Hatujawahi kuisimulia kanisani. Kwenye shuhuda za Jumapili tumesimama mara nyingi kushukuru: kwa uraia, kwa mtoto kupona, kwa gari kupatikana. Siku hii tuliinyamazia kwa sababu ni aibu, na aibu yenyewe ni ya wawili. Ndiyo maana humu tunasema "sisi" hata pale ambapo mkono uliokosea ulikuwa mmoja.

Wengi wenu mnatufahamu. Tulizaliwa Fizi, Kivu Kusini, na mwaka 1996 vita ilipofika kwetu tulivuka Ziwa Tanganyika usiku, kila mmoja na jamaa zake, katika mitumbwi tofauti, tukiwa watoto wasiojuana. Tulikutana kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, tukaoana huko, na mtoto wetu wa kwanza akazaliwa huko. Kwetu bunduki haikuwa kitu cha mtu mwema. Ilikuwa mali ya watu waliogonga mlango usiku, na hata yule askari aliyesemekana kuwa ametumwa kutulinda tulimpisha njia mapema. Mama yetu mzee hadi leo akiona bunduki kwenye televisheni huinuka akaenda jikoni. Anaishi nasi hapa Fort Worth, na hakujua kwamba kwa karibu mwaka mzima alikuwa akilala nyumba moja na bastola. Akisomewa kitabu hiki atajua. Mama, utusamehe.

Ilianza hivi. Mama wa nyumba hii anafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, zamu ya jioni, anatoka saa tano usiku. Usiku mmoja alisimama kituo cha mafuta, akaweka mpira kwenye tangi, akarudi kukaa garini kwa sababu ya baridi. Mtu akafungua mlango wa upande wa abiria, akaingia nusu mwili, akanyakua mkoba na kumwambia maneno ambayo hatuwezi kuyaandika katika kitabu cha kanisa. Hakumgusa. Lakini alipoondoka pale, gari moja lilimfuata maili nne, likikata kila kona aliyokata, mpaka akaingia kwenye duka lenye watu wengi na taa nyingi ndipo likapita. Polisi walikuja, wakaandika, wakaenda zao.

Kwa wiki tatu baba wa nyumba aliamka kila usiku kwenda kumpokea, naye anaingia ghalani saa kumi alfajiri. Mwili ulikataa. Siku moja alisinzia kwenye usukani kwenye taa nyekundu, na hapo tukaona kwamba dawa hii nayo itatuua.

Wanaume wa kanisani walikuwa na dawa nyingine. Lazima mkumbuke tunaishi wapi. Tarehe 5 Novemba 2017, huko Sutherland Springs, mtu aliingia kanisani wakati wa ibada akaua watu 26, mmoja wao mtoto aliyekuwa bado tumboni. Tarehe 29 Desemba 2019, hapa White Settlement, mji unaopakana kabisa na Fort Worth, mwingine alisimama katikati ya ibada, akawaua washirika wawili, naye akapigwa risasi na mshirika wa kikundi cha ulinzi kabla watu hawajaelewa kinachotokea. Ilikuwa Jumapili asubuhi, nasi tulikuwa kwenye ibada yetu wakati huo huo. Tangu siku ile ndugu kadhaa walianza kuja kanisani na mashati yasiyochomekwa. Hatuwahukumu. Mmoja wao, mtu wa maombi kweli kweli, ndiye aliyetuambia: "Dada, Mungu anakulinda, lakini hata Nehemia aliweka walinzi."

Basi tukanunua. Tangu Septemba 2021, hapa Texas mtu aliyetimiza miaka 21 na ambaye sheria haimzuii kumiliki silaha anaweza kubeba bastola bila leseni. Ni rahisi mno, kwa kweli. Dukani ulijaza fomu ya serikali kuu, jina likachunguzwa, ukalipa. Sisi wakati huo tulikuwa raia tayari, na tungependa ndugu ambao bado hawajapata uraia walisikie hili vizuri: kosa la silaha, hata linaloonekana dogo, linaweza kumfanya mtu mwenye kadi ya kijani arudishwe alikotoka. Msinunue kitu hiki kwa kuona jirani anacho.

Hata hivyo tulitaka leseni, kwa hiyo tulienda darasani. Mwalimu alikuwa mzee Mtexas mwenye sauti ya chini, shemasi wa kanisa lake. Siku ya kupima shabaha kila mmoja alipiga risasi 50, kwa umbali wa yadi 3, 7 na 15. Mama alimshinda baba. Baba amekubali liandikwe.

Ila jambo lililomchukua mwalimu muda mrefu kuliko yote halikuwa shabaha. Lilikuwa gari. Alisema kubeba bastola ukiwa umesimama ni jambo jepesi. Ukikaa kwenye kiti cha dereva kila kitu kinabadilika. Wengi huifunga kiunoni upande wa kulia, na papo hapo ndipo mkanda wa gari unapofungwa. Mkanda unapita juu ya shati, shati linafunika bastola, na siku ya hatari mkono unakutana na nguo na kamba kabla ya kukutana na kitu chenyewe. Ukiiweka mbele, tumboni, inachoma unapokunja mwili, na mtutu unaelekea pajani. Kwa hiyo watu hutafuta raha: wanaitoa kiunoni, wanaiweka kwenye mfuko wa mlango, au chini ya paja, au kwenye kikombe cha kahawa. "Na hapo," akasema, "haujaibeba tena. Umeiacha ovyo ndani ya kitu kinachokwenda maili 70 kwa saa."

Alitupa masharti yake. Kifyatulio, pale kidole kinapovuta risasi itoke, kifunikwe chote na ala ngumu, siyo kitambaa. Ala ifungwe kwenye mwili au ikazwe kwenye gari, ikae palepale hata gari likipinduka. Usiitoe wala kuirudisha kwenye ala ukiwa umekaa garini bila sababu, maana ajali nyingi hutokea katika kuichezea huko. Ukilazimika kuiacha, iache katika kisanduku cha chuma chenye kufuli, kilichofungwa kwa waya wa chuma kwenye chuma cha kiti, maana wezi wa magari siku hizi wanatafuta bastola kuliko redio. Kisha akatugeukia sisi, tuliokuwa na watoto, akasema kwamba kila mahali mkono wako unapofika, mikono mingine yote iliyo garini inaweza kufika pia. Tuliandika hayo kwenye daftari. Daftari tunalo bado.

Alitufundisha pia juu ya kusimamishwa na polisi. Washa taa ya ndani. Mikono yote juu ya usukani. Ukiwa umebeba bastola na una leseni, polisi akikuomba kitambulisho, sheria ya Texas inataka umpe leseni ya udereva pamoja na ile ya bastola. Useme kwanza, ndipo mkono usogee, na usogee polepole. Sisi watu weusi mle darasani tulitazamana. Tulikuwa tunamfikiria Philando Castile, mtumishi wa jikoni katika shule ya watoto, aliyesimamishwa na polisi huko Falcon Heights, Minnesota, tarehe 6 Julai 2016. Alikuwa na kibali. Alimwambia polisi kwa adabu kwamba ana silaha. Alipigwa risasi akiwa amefungwa mkanda, mchumba wake kando yake na mtoto wa miaka minne kiti cha nyuma, na mwaka uliofuata mahakama ilimwachia polisi yule. Mmoja wa wanafunzi aliuliza, "Na mtu akisema kwanza kama ulivyofundisha, kisha ikawa kama Castile?" Mwalimu alikaa kimya kidogo. Akajibu kwamba hana jibu, na kwamba anaomba kwa ajili ya jambo hilo. Tulimheshimu kwa kutokutunga jibu.

Sasa kosa letu. Sare ya kazi ya mama haina mkanda, ina kamba tu kiunoni, na ala ngumu haishiki kwenye kamba. Tena ndani ya nyumba ya wazee haruhusiwi kabisa kuingia na silaha, ingawa sheria inamruhusu mfanyakazi kuiacha kwenye gari lake lililofungwa pale kwenye maegesho. Maana yake kila siku ya kazi aliivaa, akaivua, akaificha, akaifichua, na yote hayo alifanya akiwa amekaa kwenye kiti cha dereva, gizani, akichungulia kioo. Kisanduku cha chuma tulikuwa tumekinunua. Kilikuwa kikubwa kidogo, kinagonga goti, na namba zake huzioni usiku. Kwa mkoba hakutaka tena, mkoba ndio ulioibwa. Basi tukanunua kifuko cha kitambaa, cha bei nafuu, na bastola ikapata makao yake: pale kwenye mwanya kati ya kiti cha dereva na lile sanduku dogo la katikati. Mkono unashuka tu, unaipata. Baba aliona. Akasema, "Hapo ni karibu vizuri." Hayo ndiyo maneno yake, na ndiyo sababu aibu ni ya wawili.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya Oktoba 2022. Tulikuwa tunakwenda msibani Abilene, kama maili 150 kutoka kwetu. Mama anaendesha, baba amelala kiti cha mbele kwa sababu ametoka ghalani. Nyuma kulikuwa na kijana wetu wa miaka tisa na mdogo wake wa kike wa miaka minne katika kiti chake cha mtoto. Tulikuwa tumeomba kabla ya kuondoka. Tulimwomba Mungu atulinde na ajali na watu wabaya.

Mbele yetu lori lilipasuka tairi. Kipande cha mpira kirefu kama mamba kikatua katikati ya njia. Mama alikanyaga breki kwa nguvu zote, gari likayumba, likasimama karibu kabisa, kisha akakipita. Wakati wa breki alisikia kitu kizito kikigonga kisigino chake. Alifikiri ni chupa ya maji. Alipokanyaga mafuta tena kile kitu kikarudi nyuma, na kisigino kikawa huru. Akashukuru kwa sauti. Baba aliamka, akashukuru pia, akafumba macho tena. Tulikwenda hivyo maili mbili hivi.

Ndipo kijana akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, kuna bunduki hapa. Nimeikanyaga isitembee."

Mkono wa mama ulishuka kwenye mwanya. Kifuko kilikuwapo. Kilikuwa kitupu.

Hatuwezi kueleza vizuri dakika ile. Bastola ilikuwa na risasi kwenye chemba, maana bastola isiyo tayari ilionekana haina faida kwa mtu anayefuatwa usiku. Mtutu, tulikuja kuona baadaye, ulielekea mlango wa upande wa mdogo wake. Baba alisema, "Usiondoe mguu. Usiiname. Tazama dirishani." Mama alitoka njiani polepole mpaka pembeni mwa barabara, akawasha taa za hadhari. Tulikuwa bado hatujaamua nani ashuke, nani afungue mlango upi, huku malori yakipita na kulitikisa gari, tukaona kwenye kioo taa nyekundu na bluu. Polisi wa barabarani alikuwa ameona gari limesimama, amekuja kusaidia.

Hofu mbili zilikaa pamoja katika gari lile. Moja ilituambia tuiondoe bastola mguuni pa mtoto mara moja. Nyingine ilituambia kwamba mkono wowote utakaosogea kuelekea nyuma sasa hivi utaonekana na mtu mwenye bunduki anayetembea kuelekea kwetu. Mama aliweka mikono juu ya usukani. Baba akaiweka yake juu ya dashibodi, vidole wazi. Kijana alianza kulia bila sauti, mguu wake palepale. Tulichokinunua kitulinde njiani kilikuwa pale, karibu vizuri, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kukigeukia.

Polisi aliinama dirishani upande wa baba. Kiingereza chetu hukimbia tukiogopa, lakini siku ile yalitoka maneno machache, polepole: tuna leseni, kuna bastola, haiko kwetu, iko sakafuni nyuma, chini ya mguu wa mtoto, hatujasogea. Yule bwana naye akasimama kimya. Tuliona mkono wake ukishuka kiunoni, ukakaa hapo, kisha ukaondoka. Akamwambia kijana, "Unafanya kazi nzuri. Endelea hivyo hivyo." Akafungua mlango wa nyuma, akaichukua, akaitoa magazini na ile risasi ya chembani, akaviweka juu ya boneti ya gari lake. Mtoto mdogo alimpungia mkono.

Kisha akauliza, "Nani aliiweka pale?"

Tulijibu pamoja, "Mimi."

Alitutazama mmoja baada ya mwingine. Angeweza kutufungulia kesi. Hapa ni kosa kuacha silaha yenye risasi mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 17 anaweza kuipata, naye alitukumbusha hilo kwa maneno makali. Hakufungua. Aliweka bastola kwenye buti yetu, risasi akampa baba mkononi, akasubiri mpaka tumerudi barabarani. Tumewaza mara nyingi jinsi siku ile ingekuwa kama angekuwa polisi mwingine, au kama mmoja wetu angeinama sekunde tano kabla hajafika. Hatuna cha kusema juu yake zaidi ya kwamba tuliwaza.

Msibani tulikaa na wafiwa mpaka jioni. Tuliimba. Hatukumwambia mtu.

Miezi iliyofuata tulisoma sana, tukitafuta Maandiko yaseme upande mmoja. Kila mmoja wetu alikuwa na ukurasa wake. Wa baba ulikuwa Nehemia sura ya 4, wale wajenzi wenye kazi mkono huu na silaha mkono ule. Mama alimwonyesha mstari unaofuata, kwamba upanga wa kila mjenzi ulikuwa umefungwa ubavuni. Umefungwa. Mwalimu wetu wa darasani angempenda Nehemia.

Wa mama ulikuwa Gethsemane. Tumeusikia ukihubiriwa miaka yote kama habari ya Petro na hasira yake. Sasa tuliusoma kama watu waliowahi kuwa na upanga karibu na mkono. Ni usiku. Petro ametoka usingizini. Kuna watu, kuna mienge, anaogopa, na upanga unafikika, basi anaufikia. Anayempata siyo kuhani mkuu wala jemadari wala Yuda. Anampata Malko, mtumwa, mtu aliyetumwa tu. Na Bwana, akiwa anakamatwa, anasimama kuliponya sikio ambalo rafiki yake amelikata. Hilo tulikaa nalo muda mrefu jikoni usiku ule, chai ikapoa. Petro hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anampenda aliyetaka kumlinda.

Msidhani kwamba tumekubaliana. Mama haibebi tena. Amepata mwenzake wa zamu, dada Mnigeria, wanatoka pamoja mpaka magarini, mmoja haondoki kabla mwenzake hajawasha. Mafuta anajaza mchana. Usiku fulani bado anaogopa, na hasemi kwamba imani imeiondoa hofu ile. Baba hajaiuza. Iko katika sanduku la chuma nyumbani, risasi mahali pengine, na akienda ghalani peke yake alfajiri, siku ambazo mtaa una matata, anaifunga ubavuni katika ala ngumu, haigusi mpaka anapofika, na inaingia kisandukuni kwenye kiti. Watoto wakiwa garini haimo. Hilo tu ndilo tunalosema kwa sauti moja. Katika mengine tunaendelea kushindana, na mara mbili baba mchungaji ametusikiliza mpaka saa sita usiku.

Kijana wetu sasa amekuwa mrefu kuliko mama yake. Hajawahi kututaja kwa mtu, hata kwa bibi yake. Tukiingia garini bado tunaomba kwanza, wote tumefumba macho. Katikati ya maombi tunasikia viatu vyake vikipapasa sakafu chini ya kiti cha mbele, huku na huku. Tunamsubiri amalize, ndipo tunasema amina.